Kura ya Asiyepiga Kura

Mhadhara uliotolewa Rugaaga, wilaya ya Isingiro, Uganda

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo msimu wa kampeni husemwa kwa kunong'ona, na msimu ukisha kupita husemwa waziwazi: kwamba ukijua mtu ni wa kabila gani na anaishi kilima kipi, kura yake umekwisha kuihesabu. Wapiga debe wanayo ramani yao kichwani. Huku Bairu wakulima, kule Bahima wafugaji. Upande huu Wakatoliki, bonde lile Wanyarwanda waliokuja zamani. Na ukivuka mpaka wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia.

Ramani hiyo si uongo mtupu. Watu huwapa kura wanaowajua, na tunaowajua kwanza ni wale tunaozikana nao na kuozana nao. Ila ina kasoro moja kubwa. Imewaacha nje watu wanaoigeuza siasa ya Rugaaga kuliko kabila lolote lililo kwenye daftari la wapigakura, nao ni wale wasiopiga kura kabisa.

Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Leo ina zaidi ya watu laki moja na nusu, Wakongomani wakiwa ndio wengi. Kisheria hakuna mkimbizi hata mmoja kati yao anayeruhusiwa kumchagua mbunge wala rais. Ibara ya 59 ya Katiba ya 1995 inampa haki ya kura raia aliyetimiza miaka 18, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaongeza kwamba mkimbizi asijiingize katika siasa ya Uganda, iwe ya mtaani au ya taifa. Kwenye hesabu ya mwanasiasa basi, kambi yote ni sifuri.

Lakini hebu msikilizeni mgombea anayesimama hapa Rugaaga. Ataongea nini mpaka amalize bila kuitaja kambi? Akitaja ardhi, ni mpaka wa kambi na mashamba ya wenyeji. Akitaja maji, ni ziwa Nakivale na mabomba yanayotoka humo. Akitaja kuni, malisho, barabara, soko, ni yale yale. Akitaja kituo cha afya cha hapa, kile cha ngazi ya nne, foleni yake ina mama wa Kinyankole na mama aliyetoka Uvira, Kongo, wamekaa benchi moja. Mkimbizi hayumo kwenye daftari, lakini yumo katika kila sentensi ya kampeni.

Jambo hili halikuanzia kwetu, na walioliona mapema waliliona mbali. Mwaka 1949 mwanazuoni wa Marekani, V. O. Key, alichapisha kitabu kikubwa juu ya siasa za majimbo ya kusini mwa nchi ile. Weusi wa huko, ukiondoa wachache, walikuwa wamefungiwa nje ya kura kwa kodi ya kupigia kura, kwa mitihani ya kusoma iliyotungwa ili wafeli, na kwa vitisho. Mtu angedhani mahali ambapo Weusi hawapigi kura, idadi yao haina maana. Key alikuta kinyume chake. Wilaya zilizokuwa na Weusi wengi zaidi ndizo ambazo Wazungu wake walishikamana sana kwenye sanduku la kura na kuziburuza siasa za jimbo zima. Kule milimani, ambako Weusi walikuwa wachache, Wazungu waligawanyika kama watu wengine wowote. Yaani kura za Wazungu zilipangwa na watu wasioruhusiwa kupiga kura. Sheria ya haki za kupiga kura ilipokuja mwaka 1965, ilibadilisha zaidi ya daftari.

Msikimbilie kusema Rugaaga ni Mississippi. Kule aliyenyimwa kura alikuwa mzaliwa wa nchi, na aliyemnyima ndiye aliyekuwa akiishi kwa jasho lake. Hapa asiye na kura ni mgeni aliyepokewa, akapewa kiwanja na kipande cha kulima, na mwenyeji aliyempokea mara nyingi ni maskini kama yeye. Ninachoazima kwa Key ni mbinu moja tu: ukitaka kuzielewa kura za mahali, waulize pia wasiopiga.

Zaidi ya kuwaacha wasiopiga kura, ramani ile ina mtego wa pili. Mwaka 1950 Mmarekani mwingine, W. S. Robinson, alichukua takwimu za sensa ya 1930 akaonyesha jambo la kushangaza. Majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma na kuandika. Je, wahamiaji ndio waliokuwa wasomi? Hapana. Mhamiaji mmoja mmoja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma kuliko mzaliwa. Walikuwa wamekwenda kukaa kwenye majimbo tajiri, ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Takwimu za eneo zilisema hili, watu wenyewe walisema lile.

Tuseme parishi moja ina Wanyarwanda raia asilimia 40, na mgombea fulani akapata asilimia 40 ya kura. Jioni hiyo hiyo redio itatangaza kwamba Wanyarwanda wamempa. Inawezekana. Inawezekana pia nusu yao walimpa na nusu wakamnyima, na zilizobaki zikatoka kwa majirani zao ambao, kwa kuishi karibu na watu hao, wana shida zile zile za ardhi. Fomu ya matokeo ya kituo haiwezi kuwatenganisha. Wachambuzi wa Kampala hupenda kusema "kura za magharibi" kana kwamba magharibi ni mtu mmoja aliyekwenda kituoni na kadi yake.

Ankole yenyewe inawakanusha. Kabla ya uhuru Bairu walikuwa wengi, Bahima wachache walio karibu na ufalme. Kwa hesabu ya vichwa, chama cha Bairu kingeshinda siku zote na habari ikaishia hapo. Haikuwa hivyo. Martin Doornbos, aliyeichunguza siasa ya Ankole kwa miaka mingi, ameeleza jinsi Bairu Waprotestanti walivyokwenda chama cha UPC, na Bairu Wakatoliki wakaungana na Bahima ndani ya chama cha DP, ijapokuwa wakubwa wa Bahima wengi walikuwa Waprotestanti. Kabila lilikuwepo, dini ilikuwepo, na juu ya yote ulikuwepo ugomvi wa vyeo: nani atakuwa chifu wa gombolola, nani atapeleka mwanawe shule gani. Baadaye, Desemba 1980, kijana wa hapa hapa Ankole aitwaye Yoweri Museveni aligombea Mbarara Kaskazini kwa chama kipya cha UPM, akashindwa na Sam Kutesa wa DP. Aliyeshindwa nyumbani kwake amekuja kuitawala nchi kwa miongo. Sasa ramani ya makabila ingetabiri nini hapo?

Ndugu zangu Warundi, najua mnangoja niwafikie. Uchaguzi wenu wa Juni 1993 hutajwa ulimwenguni kote kama mfano wa kura zilizogeuka sensa ya makabila. Melchior Ndadaye alipata karibu asilimia 65, Pierre Buyoya karibu 33. Makadirio ya tangu ukoloni, yanayorudiwa kila siku bila kuhojiwa, husema Wahutu ni asilimia 85. Toeni wenyewe. Hata katika mfano huu unaotajwa kuliko yote, sehemu kubwa ya watu haikupiga kura kama kabila lilivyotaka. Ndadaye aliuawa Oktoba mwaka ule ule, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhesabu tena kwa utulivu.

Mahali pa kuishi napo panaweza kuwa na nguvu kuliko idadi. Zanzibar, Julai 1963: ASP, chama kilichowategemea zaidi Waafrika wa Unguja, kilipata karibu asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Wapinzani wake, ZNP na ZPPP, wakaunda serikali. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo yale yale, ikishinda kwa kishindo pasipohitaji kishindo, huku wenzao wakishinda kwa tofauti ndogo kwingine, hasa Pemba. Mapinduzi yaliyofuata Januari 1964 mnayajua.

Tanganyika nako Waingereza walijaribu kuipanga rangi ndani ya sanduku lenyewe. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpigakura alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Nia ilikuwa kuwagawia watu wachache sana viti sawa na walio wengi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikakaribia kupasuka, kisha Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha chama chake. Lakini mkiangalia kanuni ile vizuri mtaona mlango uliokuwemo. Mwafrika aliyelazimishwa kumchagua Mzungu alipata nafasi ya kuchagua Mzungu yupi. TANU ikawaunga mkono akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, na chama cha UTP kilichowekewa matumaini na serikali kikafagiliwa.

Nimezunguka mbali, nirudi Ankole, maana hapa ndipo swali la nani aingie kwenye daftari liliposababisha damu.

Wanyarwanda wa nchi hii ni wa aina tatu waliochanganyika: waliokutwa ndani ya mpaka wakoloni walipouchora, waliokuja kutafuta kazi mashambani enzi za Waingereza, na wakimbizi wa 1959 na baada yake. Mwanasiasa anayewahofia hana haja ya kuwatofautisha. Mwaka 1969 serikali ya Rais Obote iliamuru Wanyarwanda wahesabiwe, na wengi waliona shabaha yake: kuwaondoa kwenye daftari watu walioaminika kuipenda DP. Mapinduzi ya Amin ya Januari 1971 yakaikatiza kazi hiyo. Obote aliporudi madarakani, tuhuma zikarudi naye, safari hii zikiongezwa kwamba vijana wao wamo msituni na Museveni. Oktoba 1982, hapa Ankole, vijana wa UPC, chama cha Obote, na askari walipita nyumba kwa nyumba. Makumi ya maelfu walifukuzwa, raia na mkimbizi bila kubagua. Ng'ombe wakachukuliwa, nyumba zikachomwa. Wengine walivuka kwenda Rwanda mpaka Rwanda nayo ikafunga mpaka Novemba. Wengine walisukumwa kwenye makazi haya haya, Nakivale na Oruchinga. Mtu aliyekuwa na shamba na kura aliamka akiwa na hema. Wapo wazee humu ndani wanaoukumbuka mwezi ule bila kusimuliwa.

Msituni Luweero, NRA, jeshi la Museveni, ilikuwa imejaribu kitu kingine. Mahmood Mamdani ameliandika hili vizuri kuliko mtu yeyote. Katika baraza la kijiji, lile lililoitwa RC, haikuulizwa babu yako alizikwa wapi. Iliulizwa unaishi wapi. Anayekaa kijijini alichagua na kuchaguliwa. Mwaka 1986, baada ya ushindi, Museveni alitangaza kwamba aliyekaa nchini miaka 10 atahesabiwa raia. Kwa Wanyarwanda waliopigana vita ile ilikuwa kama ahadi iliyotiwa saini. Haikudumu. Ulipozuka ugomvi wa ranchi mwaka 1990, wafugaji wasio na ardhi wakidai maeneo ya wenye ranchi, hoja kwamba wengi wao si raia ilishinda bungeni mwezi Agosti. Oktoba 1 mwaka huo huo, RPF, jeshi la Wanyarwanda wa uhamishoni, ikavuka mpaka kuingia Rwanda. Sisemi ranchi ndizo zilizoleta vita. Nasema mtu aliyefungiwa daftari la nchi moja alikwenda kulidai la nchi nyingine kwa bunduki.

Katiba ya 1995 ikarudisha swali la babu. Raia wa kuzaliwa ni wa jamii iliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii zenyewe zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu, 56 kwanza, kisha 65 baada ya marekebisho ya 2005. Banyarwanda wamo. Kwa hiyo leo mtu wa Rugaaga anayezungumza Kinyarwanda anaweza kuwa raia kamili kwa jedwali hilo, na jirani yake anayezungumza lugha ile ile, mwenye ng'ombe wale wale, akawa mkimbizi asiye na chochote. Tofauti yao haionekani usoni wala haisikiki mdomoni. Iko kwenye karatasi. Ndiyo maana kila mara daftari linapofunguliwa kunazuka minong'ono kwamba wageni wamejiandikisha, na anayesumbuliwa mara nyingi ni raia halali mwenye lafudhi isiyopendwa.

Wakongomani mnatikisa vichwa. Nyinyi mlikwisha kuona tarehe ikifanya kazi hiyo. Sheria ya Zaire ya 1981 iliurudisha uraia nyuma mpaka mwaka 1885, na kwa tarehe hiyo watu wa Masisi, Rutshuru na milima ya Uvira waliokuwa wakipiga kura jana wakawa wageni leo. Sheria ya 2004 ikaisogeza tarehe hadi uhuru wa 1960. Kati ya sheria hizo mbili kumepita vita ambavyo ndivyo vilivyowaleta wengi wenu hapa.

Sasa turudi kwenye kampeni ya leo. Wengi hutazamia kwamba wakimbizi wakiongezeka, wenyeji watakasirika na kumwadhibu aliyewaleta. Watafiti Yang-Yang Zhou na Guy Grossman walilipima hilo kwa nchi nzima ya Uganda, wakilinganisha maeneo yaliyo karibu na wakimbizi wengi na yale ya mbali. Walikuta kwamba, baada ya wimbi kubwa la wakimbizi kuanzia 2014, maeneo ya karibu yalizidi kupata shule, vituo vya afya na barabara, na chuki ya wenyeji haikupanda kama ilivyotarajiwa. Katika utafiti unaohusiana na huo walionyesha kwamba kura za rais aliye madarakani ziliongezeka katika maeneo hayo. Sababu si fumbo. Uganda ina utaratibu kwamba asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwanufaishe wenyeji. Kisima kinachochimbwa kwa jina la mkimbizi humnywesha pia mpigakura, na anayekuja kukifungua huvaa rangi ya njano ya chama tawala.

Wapinzani wa serikali watasema huku ni kununua kura kwa fedha za wafadhili. Mimi naona ni jambo la kawaida la siasa, lenye hatari yake: fedha zile si za serikali. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilisitisha chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini kwa kukosa fedha. Mkimbizi asiye na chakula atatafuta kibarua kwa mwenyeji kwa ujira wowote, au atalima pasipo pake. Fungu la wenyeji nalo linasinyaa pamoja na lile la kambi. Hapo ndipo tutakapojua kama ukarimu wa Rugaaga ulikuwa wa moyo au wa kisima. Nadhani ulikuwa wa vyote viwili, na sioni aibu kwa hilo.

Nimesema wakimbizi hawapigi kura. Hilo si kweli lote. Ndani ya kambi wana mabaraza yao, RWC, ya ngazi tatu, yaliyonakiliwa kutoka kwa mabaraza yetu ya serikali za mitaa, LC, chini ya macho ya Ofisi ya Waziri Mkuu na kamanda wa makazi. Hayana vyama wala bajeti ya kutosha. Kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja, kusimamia usafi, kupeleka malalamiko mbele. Na humo makabila yanahesabiwa kama kwingineko. Vijiji vingi vya Nakivale vimekaa kwa mataifa: ukifika New Congo jina limekwisha kukujibu, na Wasomali wamekusanyika upande wa Base Camp. Kijiji cha taifa moja huchagua kwa ukoo na kwa mkoa. Wakongomani wakiwa peke yao huwa tena Wabembe, Wafuliru na Wanyamulenge. Kijiji kilichochanganyika hutafuta mtu anayejua lugha nyingi, na hapo Kiswahili humpa mtu kura ambazo kabila lake lisingempa. Mrundi aliyelelewa Kigoma anaweza kuwaongoza Wakongomani kwa sababu tu anasikilizana nao wote.

Na tazameni kanuni yao ya kuingia kwenye foleni ya kura: unaishi hapa? Basi chagua. Ile kanuni ya Luweero iliyokufa bungeni mwaka 1990 imebaki ikiishi katika mabaraza ya watu ambao sheria inasema hawana siasa. Nje ya mabaraza hayo, mtoto aliyezaliwa Juru au Rubondo, kule Nakivale, na wazazi wakimbizi, akasoma shule zetu na kuongea Runyankore bila kuteleza, hawezi kujiandikisha kuwa raia, kwa kuwa ibara ya 12 inawatoa wazi wenye mzazi mkimbizi. Mahakama ya Katiba mwaka 2015 ilisema njia ya tajinisi iko wazi kwao, nayo inadai miaka 20 ya ukaazi na mambo mengine. Wapo Nakivale waliotimiza miaka hiyo mara mbili.

Je, wakipewa kura, wenyeji watamezwa? Ndilo swali linaloulizwa kila mahali, hivyo nitalijibu bila kuzunguka. Watu zaidi ya laki moja na nusu hawapigi kura kwa sauti moja. Nimewaonyesha kwamba Ankole haikufanya hivyo, Burundi haikufanya hivyo, na New Congo haifanyi hivyo hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini hofu ya wenyeji juu ya ardhi ni ya kweli, haiondolewi kwa mhadhara, na mbunge yeyote atakayeleta hoja ya uraia kabla mipaka ya kambi haijawekwa mawe na kukubaliwa atakuwa anawasha moto. Mawe kwanza, karatasi baadaye. Huo ndio msimamo wangu, na najua hautawafurahisha wote mliomo humu.

Wanafunzi waliotoka Chuo Kikuu cha Mbarara nawapa kazi. Matokeo ya uchaguzi hubandikwa vituoni. Yachukueni kituo kwa kituo kwa gombolola za Rugaaga, Kashumba na Ngarama, kuanzia 2006. Kisha msiulize kwanza kila parishi ina kabila gani. Ulizeni kisima kilichimbwa mwaka gani, shule ilijengwa na nani, kesi ya ardhi ilisikilizwa lini, na iko kilomita ngapi kutoka mpaka wa kambi. Mkimaliza hayo ndipo muweke safu ya kabila pembeni, muone imebakiwa na kazi gani.

Naona mkono wa mama pale mbele umeinuka tangu nilipotaja ranchi. Tuanze naye.